Imefika: Karani wa Dirisha la Tatu na Shimo Lililokataa Kuonekana

Saa moja na robo asubuhi. Dirisha namba tatu la ofisi za halmashauri bado limefungwa, lakini foleni mbele yake imeshapinda kona mara mbili na kuteremka ngazi. Mzee mmoja amekumbatia kipande cha bomba lililopasuka kama amebeba kichanga. Mama mmoja amekuja na taka zenyewe, kwenye mfuko.

"Ukiwaambia kwa mdomo hawaamini," anamweleza jirani yake wa foleni. Jirani anaitikia kwa kichwa, anasogea hatua moja mbele, kisha, mfuko ukifunguka kidogo, hatua tatu kando.

Saa moja na nusu kamili pazia la bati linapanda kwa kishindo na karani anatokeza. Shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakaribia kukata mtu, tai ya kijani, kalamu mbili mfukoni. Kutoka kichwani hadi kiunoni ni mtumishi wa umma wa kupigwa picha. Kutoka kiunoni kwenda chini, upande ambao wananchi hawauoni, amevaa raba za michezo zenye mistari ya rangi ya chungwa.

"Ushauri wa daktari," anasema haraka, akiona macho ya mwandishi aliyekaribishwa ndani yameteremka. "Nyayo. Tuendelee na kazi."

Jina lake limechongwa kwenye kibao cha mezani, lakini hakuna anayelisoma. Mji mzima unamwita Imefika, kwa kuwa ndilo neno analolisema kila anapogonga muhuri. Ukileta bomba, imefika. Ukileta taka, imefika, na tafadhali uondoke nazo. Hata watoto wake watatu, wakitumwa chumvi dukani, wanarudi wakipiga kelele mlangoni, "Imefika!" na mama yao hachoki kucheka.

"Miaka kumi na tisa nakalia kiti hiki," anasema, akigonga muhuri wa kwanza wa siku. "Wewe andika, tena kwa herufi kubwa. Hakuna lalamiko hata moja lililowahi kupotea mikononi mwangu. Hata moja! Mimi nikishaandika mahali, mtu anafika amefumba macho."

Nyuma yake, kati ya makabati ya majalada, mtu anakohoa. Si kikohozi cha mgonjwa.

Mwenye kikohozi ni mtunza masijala, mama aliyebakiza miezi minane astaafu, na ambaye ofisi nzima, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa idara, inamwita Shangazi.

"Wasimulie na ya pikapu," anasema Shangazi bila kuinua kichwa.

"Pikapu ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Imefika anaitazama saa ya ukutani kana kwamba saa ndiyo itamtetea. "Shangazi, wananchi wanasubiri."

"Wananchi wamezoea. Wasimulie."

Majigambo yale yaliishi dakika nne.

Ili kuielewa habari ya pikapu, ni lazima kwanza kuielewa kadi. Kila anayefika dirisha namba tatu anaandikiwa kadi ya njano yenye maswali manne: Nani, Nini, Wapi na Lini. Kadi inagongwa muhuri, inaingia masijala kwa Shangazi, kisha inapelekwa yadi, kwenye kikosi kinachohusika: mitaro, taa, taka au barabara. Kikosi kikimaliza kazi, kadi inarudi imeandikwa "Imefanyika". Kikifika na kukosa pa kufanya kazi, inarudi na neno moja tu: "Hapakuonekana".

"Roho ya kadi ni Wapi," anasema Imefika. "Nani, mtu analijua jina lake. Nini, analijua tatizo lake. Lakini muulize mtu anakaa wapi! Utasikia, pale kwa fundi redio. Fundi redio alishahama, pale sasa wanauza magodoro. Lakini ni pale kwa fundi redio mpaka kiama."

Mitaa mingi ya mji huu haina majina yanayotumika, na nyumba zake hazina namba. Kwa hiyo Imefika aliandika kama watu wanavyosema: geti la bluu, kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, nyumba ya yule bibi mwenye mbwa asiyebweka. Na aliyaelewa yote. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tatu kama tarishi, akipeleka barua za halmashauri kwa miguu, kilomita kumi na tano kwa siku, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Alipohamishiwa dirishani alikuwa ameumeza mji mzima kichwani, kona baada ya kona.

"Nilikuwa ramani inayokula ugali wa mshahara," anasema, kisha anajirekebisha. "Mshahara wenyewe unaisha tarehe kumi na nane. Ramani inafunga mpaka tarehe thelathini."

Sasa, pikapu.

Ilikuwa nyeupe, zamani. Ilikaa juu ya mawe manne kwenye barabara inayokwenda zahanati, bila magurudumu, bila taa, bila mlango wa kulia. Ilikaa hapo miaka kumi na mmoja. Kuku wa jirani walitaga mayai kwenye kiti cha dereva. Mwenye nayo alikuwa amehama, amekufa au ameokoka, inategemea umemuuliza nani.

Wakazi waliichoka. Walikuja dirishani mmoja mmoja, kadi ishirini na sita kwa jumla: pikapu inaziba njia, pikapu inaficha vibaka, pikapu ina nyoka. Imefika akaivalia njuga. Aliandika barua tano kwa idara, akamfuata mkuu wa idara hadi kwenye maegesho, akamfuata tena hadi kwenye harusi ya binti yake.

"Kwenye harusi!" Shangazi anapaza sauti kutoka makabatini. "Mtu anamlisha mkewe keki, huyu yuko nyuma yake anasema, mheshimiwa, ile pikapu."

"Iliondoka au haikuondoka?"

"Iliondoka."

Iliondoka siku ya Jumatano, kwa winchi, mtaa mzima ukipiga makofi na kuku wakipiga kelele. Imefika alikuwepo. Picha anayo kwenye simu mpaka leo: ameegemea bodi ya pikapu, kidole gumba juu, meno yote nje, kama mwindaji na simba wake.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si mkuu wa idara, si winchi, si ramani inayokula ugali, ni kwamba wakati huo huo kulikuwa na kadi nyingine kumi na moja zikisubiri zamu yake yadi. Taa isiyowaka, hatua kumi kutoka kwenye pikapu nyeupe. Bomba linalovuja, nyumba inayotazamana na pikapu nyeupe. Mtaro uliovunjika kifuniko, nyuma ya pikapu nyeupe.

"Tulizivuta anwani za watu kumi na mmoja kwa winchi," anasema Shangazi, "na tukapiga picha."

Kadi zilianza kurudi wiki iliyofuata. Hapakuonekana. Hapakuonekana. Hapakuonekana.

Yadi ya halmashauri iko mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini, nyuma ya ukuta wenye tangazo linalokataza matangazo. Hapo nyapara wa kikosi cha mitaro, bwana mnene mwenye sauti ya upole kuliko kifua chake, anasimamia vibarua wanaochanganya zege. Anaikumbuka kadi ile ya mtaro vizuri, kwa kuwa aliifuata mara tatu.

"Tulifika na kifuniko kipya garini," anasema. "Kizito, watu wanne. Nikateremka, natafuta pikapu nyeupe. Hakuna. Nikamwona mama mmoja, fundi cherehani, yuko mlangoni kwake anashona. Nikamuuliza, mama, pikapu nyeupe iko wapi? Akanijibu, imeondolewa. Nikamwambia asante. Tukaondoka."

Hakumweleza anaitafutia nini?

Nyapara anachora mstari kwenye mchanga kwa ncha ya kiatu. "Hapana."

Na mara ya pili?

"Mara ya pili nikamuuliza, haijarudi? Akacheka, akasema, baba, unaipenda sana hiyo pikapu."

Fundi cherehani ndiye aliyeandikisha kadi ile. Shimo lilikuwa mbele ya duka lake, hatua mbili kutoka alipokuwa ameketi akimjibu nyapara. Lakini nyapara hakuliona, kwa sababu fundi huyo, baada ya kuchoka kuona kina mama wanaokwenda zahanati wakilikwepa na watoto mgongoni, alikuwa amelifunika kwa ubao wake wa kukatia vitambaa.

"Mara ya tatu," anasema nyapara, akishusha sauti zaidi, "nilisimama juu ya ubao huo. Nikanywa soda."

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: kadi ikirudi mara tatu na Hapakuonekana, inafungwa, na mlalamikaji anatumiwa barua. Barua ilikuwa moja kwa kadi zote zilizofungwa, ziwe zimefanyika au hazikufanyika, kwa vile aliyeiandika miaka hiyo hakuona sababu ya kuandika mbili. Ilisema: "Lalamiko lako limeshughulikiwa. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako."

Fundi cherehani alipoipata, alifunga duka katikati ya siku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua malaria, akaja dirisha namba tatu na barua mkononi. Hakupanga foleni. Foleni yenyewe ilipoiona sura yake ilimpisha.

"Limeshughulikiwa na nani?" aliuliza.

"Na kikosi, mama," Imefika alijibu.

"Kikosi kilikuja ndotoni? Mimi nalala nyuma ya duka hilo hilo, na shimo nimeamka nalo leo asubuhi. Tumesalimiana."

Imefika alifungua droo ya chini, ile inayokwama, akaitoa kadi. Akasoma: nyuma ya pikapu nyeupe. Hapakuonekana, mara tatu. Chini yake kulikuwa na muhuri wake mwenyewe.

"Redio imesema mvua ni baada ya wiki mbili," fundi aliendelea, safari hii bila kupaza sauti, na Shangazi anasema hapo ndipo ofisi nzima ilipoacha kupiga chapa. "Mtaro ukijaa, maji na barabara vinakuwa kitu kimoja. Ubao wangu utaelea uende zake. Kina mama wanapita pale alfajiri kuwahi namba zahanati, mtoto yuko mgongoni. Mmoja akizama, niambie wewe mwenye muhuri, nimvute nani kwanza?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Imefika alisahau kusema imefika.

"Niliona aibu mpaka masikio," anasema sasa. Na kweli, anapolisimulia hilo, masikio yanamjaa damu. "Kwa sababu mtu aliyeandika nyuma ya pikapu ni mimi. Mtu aliyeipigania pikapu iondoke ni mimi. Kwa hiyo mtu aliyelificha shimo ni nani? Usijibu."

Siku hiyo hiyo aliiomba idara kikosi kirudi kwa mara ya nne. Jibu lilikuwa kwamba kadi imeshafungwa, na kadi iliyofungwa haifunguliwi bila Wapi mpya isiyoweza kuhama, si pikapu wala duka. Afungue kadi mpya, basi? Kadi mpya ingekwenda mwisho wa foleni ya yadi, nyuma ya nyingine mia mbili. Wiki mbili zisingetosha.

Ikabidi atafute Wapi mpya kwa ajili ya kadi ya zamani. Na hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, akili ilipofanya kazi yake.

"Jumamosi nilikwenda mwenyewe," anasimulia, akikaa vizuri kitini. Mtu angedhani anahutubia chuo. "Nilivaa kama ninavyovaa kazini, ili wakazi wajue nimekwenda kiofisi. Nikasimama kwenye geti la zahanati. Nikajiambia, geti hili limejengwa kwa mawe, haliendi popote. Nikaanza kuhesabu hatua kutoka hapo, taratibu, kitaalamu. Moja, mbili, tatu. Hatua ya arobaini na mbili, nikasimama. Nikatulia. Nikainama. Na nilipoinama, nikaona."

Alichokiona ni namba. Kwenye nguzo ya taa iliyo pembeni mwa mtaro, chini kabisa, karibu na ardhi, nyuma ya majani, kulikuwa na kibati kidogo cha kutu kimechongwa 114. Kikosi cha taa kilizipigilia nguzo zote vibati hivyo miaka mingi iliyopita, kwa hesabu zake chenyewe, kikavisahau. Mji mzima ulikuwa na anwani. Zilikuwa zimeota majani tu.

"Watu elfu moja wanapita hapo kwa siku," anasema Imefika. "Nani aliona? Inahitaji mtu mwenye jicho. Mtu anayejua kuinama."

Shangazi anakohoa tena. Pengine ni vumbi.

Jumatatu asubuhi, kadi ya fundi cherehani ilifunguliwa upya. Kwenye Wapi paliandikwa maneno manne tu: nguzo namba 114, mtaroni. Nyapara anasema kikosi kilifika kabla ya saa nne na hakikumuuliza mtu swali. Fundi aliondoa ubao wake, vibarua wakazoa tope, kifuniko kikashuka mahali pake kikatoa mlio ambao, kwa maelezo ya nyapara, ni mtamu kuliko muziki. Mvua ilianza Jumatano. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, mtaro ukanguruma chini, na kina mama wakapita juu.

Imefika hakuishia hapo. Alimfuata mkuu wa idara, safari hii ofisini, maana hapakuwa na harusi karibu.

"Akanambia, unataka nini tena, pikapu nyingine?" anasimulia. "Nikamwambia, mheshimiwa, nataka makopo mawili ya rangi nyeusi na brashi."

Akapewa makopo mawili na brashi moja, na baada ya wiki ya kwanza akapewa makopo mengine sita bila kuomba. Mji una nguzo za taa 1,260. Hadi tunakwenda mitamboni, 418 zimekwishaandikwa namba kubwa, usawa wa kifua cha mtu mzima, mahali ambapo hata asiyejua kuinama ataziona. Kadi zinazorudi na Hapakuonekana, ambazo zilikuwa thelathini na moja kwa mwezi, mwezi uliopita zilikuwa nne. Kati ya zile kumi na moja za pikapu, tisa zimefanyika. Mbili zilizobaki ni za taa, na vifaa vyake vimeshaagizwa.

Kuna badiliko jingine, dogo kwa wino lakini kubwa kwa wakazi. Ile barua ya shukrani kwa ushirikiano imefutwa. Sasa kadi haifungwi mpaka mlalamikaji mwenyewe aweke sahihi kwamba ameiona kazi kwa macho yake. Agizo hilo limebandikwa ukutani pembeni mwa dirisha, na mtu wa kwanza kuweka sahihi chini ya utaratibu mpya alikuwa fundi cherehani. Shangazi ameihifadhi kadi hiyo kwenye bahasha ya peke yake.

"Nikistaafu nitaondoka nayo," anasema. "Wanishtaki."

Saa sita kasoro. Foleni imepungua, mzee wa bomba ameshahudumiwa, na mfuko wa taka, baada ya majadiliano marefu, umerudi kwa mwenyewe. Imefika anajinyoosha na kuanza kueleza mipango yake. Kabla ya mwisho wa mwaka anataka nguzo zote 1,260 ziwe na namba zinazosomeka, na kila duka la mtaani libandike ukutani namba ya nguzo iliyo karibu nalo. Anataka pia wanafunzi wafundishwe shuleni kuisema anwani yao kwa nguzo, ili hata mtoto akipotea aweze kusema kwao ni wapi.

"Nataka neno Hapakuonekana life kabla Shangazi hajastaafu," anasema. "Nimzike nalo kwenye sherehe yake ya kuagwa. Neno, si Shangazi."

Anainua uso kumwita anayefuata.

Mbele ya dirisha amesimama mama wa makamo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Safari hii amepanga foleni kama watu wote.

"Karibu, mama," anasema Imefika. "Usiniambie ni mtaro tena."

"Mtaro hauna neno, baba. Mzima, unapendeza. Naufagia kila asubuhi." Fundi cherehani anaweka kiwiko kwenye ubao wa dirisha. "Nimeleta lalamiko jingine. Lina wiki ya sita sasa, mwenye nalo haonekani."

Imefika anavuta kadi ya njano. "Nani, tunakujua. Nini?"

"Kiatu."

Kalamu inasimama.

"Kimoja," anaendelea fundi, kwa sauti ya mtu anayetaka kadi ijazwe sawasawa. "Cha kiume. Cheusi, cha kamba, mguu wa kushoto, namba arobaini na mbili. Vibarua walikitoa kwenye tope siku ile wanaweka kifuniko. Nimekiosha, nimekianika, nimekipiga rangi. Kinakaa dirishani kwangu. Wateja wananiuliza kama mume wangu ana mguu mmoja."

Foleni inaanza kucheka, ingawa haijajua inacheka nini. Kati ya makabati, jalada linawekwa mezani. Shangazi amesimama.

"Na kiatu cha mtu kiliingiaje mtaroni, mdogo wangu?" anauliza Shangazi kwa upole wa kutisha.

"Si na mwenyewe alikuwa ndani yake! Ilikuwa Jumamosi, mimi nimechukua ubao wangu nikate sare za shule, nimeacha kitambaa chekundu pale kama alama. Namwona bwana mmoja na tai yake anatoka upande wa zahanati, kichwa juu, anatazama taa, anahesabu kwa sauti kama yuko darasa la kwanza. Namwambia, baba, angalia chini! Ananiinulia mkono, nisimkatishe hesabu. Arobaini na moja, arobaini na mbili, halafu kimya. Tumemvuta mimi na mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchanjisha mtoto. Nikamvalisha ndara zangu za waridi aende nazo kwake."

"Lakini alisema aliinama," inasikika sauti upande huu wa dirisha, upande wa daftari lenye maneno "taratibu, kitaalamu" yaliyopigiwa mstari mara mbili.

"Kuinama?" Fundi cherehani anamgeukia karani na kumtazama kwa huruma ya mzazi. "Aliinama, ndiyo. Mpaka kiunoni. Na huko chini ndiko alikoanza kupiga kelele, namba! namba! Nikadhani amegonga kichwa."

Macho ya wote waliomo ofisini, ya Shangazi yakitangulia, yanashuka taratibu kupita tai ya kijani, kupita mkanda, hadi kwenye raba zenye mistari ya rangi ya chungwa.

"Nyayo," anasema Shangazi. "Ushauri wa daktari."

Imefika anaangalia dari. Dari haina msaada. Anaangalia mkono wa mwandishi unaoandika, anaonekana kutaka kuusihi jambo, kisha anajikaza, anakohoa, na kuirudia kadi, kwa kuwa kadi ni kadi na swali la tatu bado halijajibiwa.

"Wapi?" anauliza kwa sauti ndogo.

"Nguzo namba mia moja na kumi na nne," anajibu fundi cherehani, akirekebisha futi yake shingoni. "Safari hii mtapaona."

Muhuri unashuka.

"Imefika," anasema karani.